Foleni Ndani ya Mashine: Namna ya Kuipunguzia Mzigo Seva ya Michezo

Yeyote aliyepata kushika zamu katika mpaka wa Busia au wa Malaba anaijua foleni ni kitu gani. Malori hutoka Mombasa yakiwa na mafuta, ngano na vipuri, na afisa mmoja wa forodha hawezi kukagua malori mawili kwa wakati mmoja. Amalizapo moja, jingine husogea. Malori yakifika polepole kuliko yanavyokaguliwa, barabara hubaki nyeupe. Yakifika upesi zaidi, mkia wa foleni hurefuka hata kama maafisa wote wanafanya kazi bila ya kupumzika.

Foleni ya namna hiyo hiyo imo ndani ya kila kompyuta. Maafisa wake ni viini vya prosesa, yaani vile vipande vya ubongo wa mashine vinavyofanya hesabu, na malori yake ni kazi zinazongoja kuhesabiwa. Leo twapenda kuitazama foleni hiyo mahali ambapo wengi hawakuitarajia: katika seva ya michezo. Seva hiyo ni kompyuta inayowaunganisha wachezaji wengi, kila mmoja akiwa mahali pake, katika mchezo mmoja. Nyingi kati ya seva hizo huendeshwa kwa mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, na ambao hutolewa bila malipo.

Tusidhani kwamba hili ni jambo la watoto tu. Kijana wa Dabani, kilometa chache kutoka mji wa Busia, akiwa na kompyuta ya mtumba na waya wa intaneti, aweza kuwakusanya rafiki zake wa Tororo na wa ng'ambo ya pili ya mpaka katika uwanja mmoja wa mchezo. Askari aliyemaliza zamu aweza kuwa mmoja wao. Tena siku moja polisi aweza kuletewa malalamiko kwamba mashine ile imeingiliwa na wezi. Wote hao watahitaji kujibu swali moja: mashine inapolemewa, imelemewa na nini?

MWAMUZI WA VITA VYA MEZANI

Katika mchezo wa bao, ambao watu wa Uganda huuita mweso, mwamuzi hahitajiki. Kete zi wazi mbele ya macho ya wachezaji wawili, na kila mmoja humhesabia mwenzake. Lakini mchezo wa kivita, ambamo kila upande huficha majeshi yake, hauwezi kuchezwa bila ya mtu wa tatu. Jambo hilo lilifahamika zamani. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aliyeitwa von Reisswitz aliwaonyesha wakuu wa jeshi lake mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani. Kila upande ulimpa mwamuzi maagizo yake kwa maandishi, naye aliamua nani ameonekana, nani amepigwa na nani amerudi nyuma. Jeshi hilo likaufanya mchezo huo kuwa sehemu ya mafunzo ya maofisa wake.

Seva ya michezo ndiye mwamuzi wa leo. Mchezaji anapobonyeza kitufe ili afyatue risasi, kompyuta yake haiamui kama amelenga sawasawa. Hupeleka habari kwa seva, nayo seva hukusanya habari za wachezaji wote, huhesabu, kisha hutangaza matokeo. Majeshi ya nchi nyingine yameutumia mtindo huu. Mwaka 1996 askari wa majini wa Marekani waliugeuza mchezo uitwao Doom II ili kufunzia vikosi vidogo. Tarehe 4 Julai 2002 Jeshi la Marekani likatoa mchezo wake lenyewe, America's Army, kwa ajili ya kuwavutia vijana wajiunge na jeshi, na seva zake ziliweza kuendeshwa kwa Linux. Mchezo huo ulifungwa mwezi Mei 2022.

Hapo ndipo uzito wa jambo letu ulipo. Mwamuzi aliyelemewa hutoa hukumu iliyochelewa, na hukumu iliyochelewa aghalabu ni hukumu ya uongo. Aliyetangulia kufyatua huhesabiwa kuwa amekufa, na aliyejificha nyuma ya ukuta hupigwa. Katika mchezo wa kujiburudisha hiyo ni dhuluma ndogo, lakini katika mafunzo ni hatari, kwani askari hujifunza kwamba kujikinga hakusaidii na kulenga vizuri hakuna faida. Makosa aliyofunzwa na mashine atayachukua mpaka uwanja wa vita.

MAPIGO YA SEVA

Seva ya michezo hufanya kazi kwa mapigo, kama gwaride linalofuata ngoma. Katika kila pigo husoma habari zilizoletwa, huhesabu hali mpya ya uwanja, kisha huwatangazia wachezaji. Mchezo wa Minecraft hupiga mapigo 20 kwa sekunde, kwa hiyo kazi yote ya pigo moja lazima imalizike katika milisekunde 50. Michezo ya kupigana risasi huenda kwa kasi zaidi. Seva za Counter-Strike zenye mapigo 64 kwa sekunde zina kiasi cha milisekunde 15 na nusu tu kwa kila pigo.

Kazi ya pigo ikichukua milisekunde 80 mahali pa 50, seva ya Minecraft haiwezi tena kupiga mapigo 20. Itapiga 12 na nusu. Wakati wenyewe ndani ya mchezo utaenda polepole, milango itachelewa kufunguka, na wachezaji wataanza kulaumu intaneti ilhali intaneti haina kosa.

Si kwamba umbali hauna maana. Nuru ndani ya waya wa kioo husafiri kiasi cha kilometa 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilometa 1,000 za waya huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Kabla ya mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, habari nyingi za Uganda na Kenya zilipitia satelaiti zilizo karibu kilometa 36,000 juu ya dunia, na kila swali lilingoja jibu lake kwa nusu sekunde na zaidi. Sasa mchezaji wa Busia anayetumia seva iliyoko Ulaya, mbali naye zaidi ya kilometa 8,000 za waya, hupoteza milisekunde 80 na zaidi kabla mashine haijafanya hesabu yoyote. Ndiyo maana seva iliyo karibu ina thamani. Lakini faida ya ukaribu hupotea yote ikiwa mashine yenyewe imezidiwa.

PELELEZA KABLA YA KUSHAMBULIA

Kamanda hapeleki kikosi mahali asipopapeleleza. Vivyo hivyo msimamizi wa seva asibadili kitu kabla ya kupima. Linux ina amri iitwayo «uptime», ambayo mwishoni huonyesha tarakimu tatu. Hizo ni wastani wa urefu wa foleni kwa dakika 1, kwa dakika 5 na kwa dakika 15 zilizopita. Zikisomeka 0.80, 2.10 na 3.90, foleni inapungua, na taabu imekwisha kupita. Zikisomeka kinyume chake, taabu ndiyo kwanza inaingia.

Tarakimu hizo hazina maana mpaka zilinganishwe na idadi ya viini, ambayo hupatikana kwa amri «nproc». Foleni ya 4 katika mashine yenye viini 4 maana yake ni kwamba kila afisa ana lori moja mbele yake. Foleni hiyo hiyo katika mashine yenye kiini 1 maana yake ni lori moja linakaguliwa na matatu yanangoja.

Tena Linux ina tabia ambayo imewadanganya wengi. Katika foleni hiyo haihesabu kazi zinazotaka prosesa peke yake, bali pia zile zinazongoja diski isome au iandike. Kwa hiyo foleni yaweza kuwa ndefu ilhali prosesa imekaa bure. Ili kutofautisha, tumia amri «top» na utazame mstari wa asilimia. Herufi «us» ni kazi za programu zenyewe, «sy» ni kazi za mfumo, na «wa» ni kungoja diski. Ipo pia «st», ambayo ni muhimu kwa wale wanaokodi seva badala ya kuimiliki. Huonyesha muda ambao mashine yako ilitaka kufanya kazi, lakini mwenye jengo alikuwa amempa jirani yako zamu. Ikiwa «st» iko juu siku zote, hakuna utakalorekebisha wewe. Mdai mwenye kukodisha au uhame.

BODABODA MMOJA, ABIRIA MMOJA

Yasemekana neno bodaboda lilizaliwa hapa Busia, pale ambapo vijana wenye baiskeli waliwabeba wasafiri kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Baiskeli moja ilibeba abiria mmoja na mzigo wake. Kama mzigo ulikuwa mzito mno, kuita baiskeli nyingine kumi hakukusaidia, maana gunia moja haliwezi kupakiwa juu ya baiskeli kumi.

Michezo mingi hufanya kazi yake kuu kwa namna hiyo. Hesabu za pigo huenda katika uzi mmoja, na uzi mmoja hukaa juu ya kiini kimoja. Ukiwa ndani ya «top», bonyeza tarakimu 1 nawe utaona kila kiini peke yake. Ni jambo la kawaida kukuta kiini kimoja kimefika asilimia 100 na vingine saba vikipiga miayo, huku wastani wa mashine nzima ukionyesha asilimia 13 tu. Mwenye seva huutazama wastani, husema mashine haina kazi, na hushangaa wachezaji wakilalamika. Kwa mchezo wa namna hiyo, prosesa yenye viini vichache vilivyo na mwendo wa kasi hufaa kuliko yenye viini vingi vya polepole.

FUNZO LA KITUO CHA PAMOJA

Zamani lori lililovuka Busia lilisimama mara mbili, upande wa Kenya na upande wa Uganda, na kila upande ulirudia ukaguzi wake. Februari 2018 Marais wa nchi hizo mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho kimewekwa ili msafiri asimame mara moja tu. Wazo la kituo hicho si kuongeza maafisa, bali kuondoa kazi iliyofanywa mara mbili. Hilo ndilo funzo kubwa kwa mwenye seva. Kabla ya kununua mashine mpya, aulize: ni kazi gani hapa isiyo na lazima?

Tuanze na mfano wa hesabu. Katika Minecraft ulimwengu umegawanywa katika vipande vya mraba, na seva hupeleka vipande vinavyomzunguka kila mchezaji. Ukiweka umbali wa kuona kuwa 10, mraba wake una vipande 21 kwa 21, yaani 441. Ukishusha umbali huo hadi 6, vipande huwa 13 kwa 13, yaani 169. Mchezaji amepoteza kidogo katika upeo wa macho, na vipande vya kushughulikia vimepungua kwa zaidi ya nusu. Tangu toleo la mwaka 2021 umbali wa kuona umetenganishwa na umbali wa kuendesha uhai wa viumbe, hivyo mtu aweza kuona mbali na bado akaipunguzia seva kazi.

Mfano wa pili ni mapigo yasiyo na faida. Katika miaka ya 2000 wenye seva za Counter-Strike walikuwa na desturi ya kuzifanya zizunguke mara 1,000 kwa sekunde, wakidhani kwamba huo ndio ubora. Prosesa ilikimbia usiku kucha hata pale ambapo hapakuwa na mchezaji hata mmoja. Ni sawa na mlinzi anayezunguka kambi mbio pasipo kusimama: atachoka, na hataona zaidi ya yule anayetembea kwa utaratibu.

Mfano wa tatu ni programu za nyongeza. Kila nyongeza hudai sehemu yake ya kila pigo. Zitoe moja baada ya moja, upime baada ya kila moja, na uandike katika daftari saa, badiliko na matokeo. Ukibadili mambo matano kwa pamoja na hali ikawa njema, hutajua ni lipi lililoponya. Ikiwa mbaya, hutajua ni lipi lililodhuru.

Yapo na mambo ya mfumo wenyewe. Kunakili kumbukumbu za akiba kufanywe wakati wachezaji wamelala, na kupewe daraja la chini kwa amri «nice». Madaraja yake huanzia -20, ambaye ndiye mkubwa wa kuhudumiwa, hadi 19, ambaye hungoja wengine wote. Programu ya mchezo isipewe kumbukumbu yote ya mashine, kwani mfumo ukikosa nafasi utaanza kuhamishia vitu katika diski, na diski ni polepole mno. Pazia la picha na madirisha halihitajiki katika seva, basi liondolewe.

Tusisahau joto na vumbi. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Katika chumba chenye bati na vumbi la barabara, feni iliyoziba yaweza kuwa ndiyo kisa chote. Pia msomaji ajihadhari na asilimia peke yake. Asilimia 90 ya prosesa iliyoshushwa hadi mwendo wa gigahezi 1.2 ni kazi ndogo kuliko asilimia 50 ya prosesa hiyo hiyo ikienda kwa gigahezi 3.

MWIZI ALIYEVAA SARE

Sasa twafikia jambo linalowahusu zaidi polisi. Mara nyingine mzigo hautokani na mchezo kabisa. Tarehe 9 Desemba 2021 ulitangazwa hadharani udhaifu katika Log4j, programu ya kuandikia kumbukumbu za matukio inayotumiwa na mashine nyingi sana duniani, zikiwemo seva za Minecraft. Mchezaji mwovu aliweza kuandika mstari mmoja katika maongezi ya mchezo, na mstari huo ukaifanya seva itii amri zake. Katika siku zilizofuata wavamizi wengi waliutumia udhaifu huo kupandikiza programu za kuchimba sarafu za kidijitali. Mwenye mashine hulipa umeme, mwizi hupata sarafu. Programu za namna hiyo mara nyingi hujipa jina linalofanana na la kazi halali, kama mwizi aliyevaa sare ya askari.

Aina ya pili ya uhalifu ni mafuriko ya habari za uongo. Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani walitengeneza programu iitwayo Mirai, iliyoteka kamera na vifaa vya intaneti vya majumbani ambavyo wenyewe hawakuwa wamebadili maneno ya siri ya kiwandani. Chanzo cha mambo kilikuwa mashindano ya kibiashara katika uwanja wa seva za Minecraft: kuiangusha seva ya mpinzani ili wachezaji wake wahame. Mwaka 2018 walihukumiwa kifungo cha nje cha miaka 5 na saa 2,500 za kazi ya kuihudumia jamii. Lakini silaha ilikuwa imekwisha kusambaa. Mwaka huo huo wa 2016 Mwingereza mmoja aliitumia silaha ya asili hiyo kuishambulia kampuni ya simu ya Liberia, na Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga miaka 2 na miezi 8. Ugomvi ulioanzia katika mchezo wa watoto ulifika kuvuruga intaneti katika nchi ya Afrika.

Basi askari wa upelelezi anapoitwa, asikubali mashine izimwe mara moja. Kuzima hufuta kumbukumbu ya muda, na pamoja nayo hufuta alama za mhalifu. Kwanza aandike saa na apige picha ya kioo. Kisha orodha ya kazi ipatikane kwa «ps», miunganisho ya nje kwa «ss», na ratiba za siri kwa «crontab». Yote hayo yaandikwe katika diski nyingine, si katika diski ya mashine inayochunguzwa, na majalada ya «/var/log» yanakiliwe. Baada ya hapo waya wa intaneti uchomolewe huku mashine ikiachwa inawaka. Kila aliyeigusa mashine aandikwe jina, kwa maana kielelezo kisichojulikana kimepita mikononi mwa nani hakitasimama mahakamani.

Sheria zipo pande zote mbili za mpaka. Uganda ilipitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta mwaka 2011, na Kenya ilipitisha yake mwaka 2018. Kuingia katika mashine ya mtu bila ruhusa ni kosa hapa na kule, hata kama mashine hiyo hutumika kwa michezo tu.

Kwa mwenye seva, kinga zenyewe si ngumu. Asiendeshe mchezo kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo, bali amfungulie mtumiaji mdogo asiye na uwezo mwingine. Abadili maneno ya siri. Afunge milango ya mtandao asiyoitumia, na aweke matoleo mapya yanapotoka. Zaidi ya yote, azijue tarakimu za mashine yake siku za amani, kwa kuandika «uptime» katika daftari asubuhi na jioni. Mlinzi anayeujua ukimya wa kawaida wa lindo lake ndiye anayesikia kijiti kikivunjika.